Bafta Niliyoitupa Jaani

Nyinyi vijana mnaokwenda pale jioni za sikukuu mkajipanga kwenye majani kupigana picha, hebu tulieni kidogo mnisikilize. Hayo majani mnayoyakalia yamepandwa juu ya taka. Chini yenu kuna makopo, mifupa ya ng'ombe, magodoro ya wagonjwa na viatu vya watu waliokwishakufa zamani. Yale mabomba meupe yaliyochomoza kama shingo za bata, mnayoyatundikia mikoba yenu, yamewekwa ili uvundo upate pa kutokea. Na lile benchi la simenti lililoinama upande mmoja, mafundi hawakulikosea. Ardhi ndiyo inayoshuka. Taka bado zinaoza huko chini, na kila zikijilaza, benchi nalo linashuka.

Sisemi msiende. Nendeni. Waliolifunga jaa lile wakamwaga udongo, wakapanda majani, wakatia pembea na taa na vyoo, wamefanya jambo la maana. Sisi tuliozaliwa kando yake hatukuwa na pa kuchezea ila humo humo ndani ya uchafu. Lakini nataka mjue, kwa sababu kuna kitu humo nilikitupa mimi kwa mkono wangu, na kuna mtu anafagia juu yake mpaka leo.

Idi iliyopita mwanangu mkubwa alinitia garini pamoja na mkewe na wajukuu. "Mama, twende ukaone jaa lenu lilivyogeuka." Sikuwa nimefika tangu nilipoolewa nikahamia upande wa pili wa mji. Niliposhuka, watu walikuwa wengi, watoto wanapiga mayowe kwenye pembea, mishikaki inachomwa, bisi zinaruka. Na chini ya harufu zote hizo ikanijia ile moja, nyembamba, ya matambara yaliyoungua na majivu yaliyorowa. Nikajua nimefika kwetu.

Kwetu kulikuwa shimo. Walichimba mawe ya kujengea, mawe yakaisha, watu wakaanza kulijaza taka. Gari ya taka ilikuwa ikija asubuhi, na kunguru wakiijua kabla yetu. Wakianza kelele zao kwenye minazi, sisi watoto tunaacha vikombe vya uji mezani tunakimbia. Enzi zile majumba ya Michenzani yalikuwa yakijengwa, basi gari zilileta mifuko ya simenti ya karatasi, vipande vya mbao, misumari iliyopinda. Misumari tukiinyoosha kwa jiwe. Makopo tukimpelekea fundi bati akitengeneza koroboi, nasi tukikaa kumtazama anavyochomelea, na ule moshi wa risasi tukiuvuta kama udi. Karatasi za simenti tukizikung'uta mpaka tunageuka weupe nyusi na kope, halafu tunawapelekea wauza njugu wafungie, nao wanatujazia njugu viganjani. Tukila huku tunakohoa. Nilikuwa nikilipenda jaa lile, na sitoona haya kulisema hilo.

Jirani yetu alikuwa na binti wa rika langu. Kibanda chao kilikuwa ukingoni kabisa, makuti juu, bati na magunia ubavuni. Watoto wa nyumba za huko juu walituita sote watoto wa jaani, lakini sisi wenyewe tulijua nani ni nani. Mimi nilikuwa nakwenda jaani kucheza. Yeye alikuwa anakwenda kutafuta. Tulicheza pamoja, tukasoma chuo cha Kurani pamoja, tukatafuna muhogo mmoja. Na kila nilipogombana naye nilimkumbusha hiyo tofauti.

Bibi yangu ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Wanawake wa mtaa mzima waliokufa walipita mikononi mwake. Akirudi anakoga, anajifukiza ubani, anakaa kimya mpaka alasiri imeadhiniwa. Wenye msiba walikuwa wakimpa afungashe mabaki: pamba, kipande cha sabuni, bafta iliyozidi kwenye sanda. Hawakutaka vilale nyumbani mwao. Bibi naye hakutaka vilale kwake, hata kipande cha kufutia taa. Kwa hiyo alinipa mimi nikazike jaani, na alinifundisha namna yake akiwa na bakora mkononi. Kwanza rarua bafta vipande vyembamba, upana wa kidole. Kisha chimba kwenye majivu mpaka kiwiko kizame. Fukia. Kanyaga. Nenda kanawe.

"Ukiiacha nzima, ataivaa mtu," aliniambia. "Na akiivaa mtu, wewe nakuchuna ngozi."

Msicheke. Nguo enzi zile ilikuwa shida. Mchele foleni, unga foleni, nguo foleni. Kaka wawili walikuwa wakivaa suruali moja kwa zamu, mmoja akienda skuli asubuhi, mwenziwe jioni. Bafta ya sanda watu walijitahidi isikosekane, kwa hiyo ukitaka kuona nguo nyeupe mpya, mara nyingi uliiona kwa aliyekufa.

Basi Ramadhani moja, imebaki siku mbili tatu kuandama mwezi, akafa kizee mmoja mtaani petu. Alikuwa ameinunua sanda yake mwenyewe miaka mingi nyuma, akaiweka kwenye sanduku lake, kama walivyokuwa wakifanya wazee. Aliinunua alipokuwa mnene. Maradhi yakamla akabaki kama fimbo, hata bibi alipomaliza kumkafini likabaki pande zima la bafta, jeupe, halijakunjuliwa vizuri. Akanipa nikalizike.

Nilikuwa nimefunga, na jua lilikuwa kali. Nikajaribu kurarua, ikakataa. Bafta mpya ina wanga, inakata vidole. Nikajaribu kwa meno, ladha ya kafuri ikanijaa mdomoni, nikaogopa kufungua saumu kwa kitu cha maiti. Wenzangu wako upande wa pili wanacheza nage, wananiita: "Njoo, tumepungukiwa mtu!" Nikalitupa pande zima juu ya majivu, nikalipiga mateke mawili ya vumbi, nikaenda kucheza nage. Ndiyo hivyo tu. Ilikuwa kazi ya kitambo kidogo, nikaikwepa.

Ikaja Idi. Tuliamka na harufu ya bokoboko na samli, tukakogeshwa kwa maji baridi, tukapakwa wanja. Gauni langu lilikuwa la mwaka uliopita. Bibi aliteremsha upindo, na ule mstari wa upindo wa zamani ukabaki unaonekana, mweusi, kila mtu auone. Nikatoka nao wenzangu kupita nyumba kwa nyumba kutaka mkono wa idi, zile sarafu za watoto.

Akaja yule binti wa jirani. Alikuwa na gauni jeupe, limetiwa buluu, limepigwa pasi ya makaa, na shingoni lina marinda madogo madogo yaliyoshonwa kwa mkono. Mamake hakuwa na cherehani. Mtaa mzima ulisimama. "Mashaallah! Mwana wa jaani leo kawa bibi harusi!" Kila nyumba tuliyopiga hodi yeye alivutwa mbele akapewa mwanzo. Akawa anazunguka ili marinda yafure, anacheka, hajui afanye nini na mikono yake. Sijawahi kumwona vile kabla wala baadaye. Mama mmoja mwenye nyumba akamshika shavu, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mjukuu wa mwosha, ndo umekuja na la mwaka jana?"

Wote wakacheka. Naye akacheka. Akazunguka tena, na upindo ulipoinuka nikaona pembeni chapa ya buluu ya jora, ile ile niliyokuwa nimeishika. Kafuri ikanipiga puani.

"Hiyo sanda," nikasema.

"Sanda gani?"

"Ya yule kizee wa juzi. Mnuseni!"

Mtoto mmoja akamsogelea akanusa, akaruka nyuma kama aliyegusa moto. Mwenyewe alikuwa bado anacheka. Alidhani ni mzaha. "Mwongo huyo! Nimeiokota juu, safi kabisa, haijaguswa na mtu."

Bibi yangu alikuwa ndani ya nyumba ile ile, amekuja kupeana mkono wa sikukuu. Alisikia. Akatoka kizingitini, akanitazama mimi, hakumtazama yule mtoto. Nikaijua bakora inayokuja. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie:

"Mimi niliirarua nikaizika! Huyu kaifukua. Nilimwona akifukua kwa mikono, kama mbwa."

Yule binti alinitazama kama mtu anayesubiri umalizie maneno, useme unatania. Mimi sikumalizia.

Kama niliirarua, gauni zima limetoka wapi? Mtu mmoja mwenye akili angeliuliza hivyo, uongo wangu ungelikufa pale pale. Hakuuliza mtu. Walipenda iwe hivyo. Walikuwa wamemsifu mtoto wa jaani asubuhi nzima na walikuwa wamechoka.

Mamake akaja mbio, ameshaambiwa. Hakubishana na mtu. Alimvua pale pale njiani, mbele ya wavulana wa mtaa, akaanza kulirarua lile gauni. Alilirarua vipande vyembamba vyembamba, kama nilivyotakiwa kufanya mimi. Mtoto amesimama na chupi, mikono ameikunja kifuani. Wanawake walikuwa kumi na zaidi pale, kila mmoja na kanga mbili mwilini. Hakuna aliyevua yake akamfunika. Sarafu zake za idi zilimwagika mchangani, na hapana mtoto aliyeinama kuziokota. Nyinyi hamjui watoto wa enzi zile. Mtoto wa enzi zile hakuacha sarafu chini.

Njiani bibi alinishika sikio akaniuliza mara moja tu. "Uliirarua?"

"Niliirarua, bibi."

Hakunipiga. Na tangu hapo, kila alipoulizwa, aliapa juu ya neno langu mpaka anakufa.

Mwalimu wetu wa chuo alijaribu. Alituambia bafta ni bafta, na mtoto hana dhambi. Tukasema naam, mwalimu. Lakini mke wa mwalimu mwenyewe alimtengea kata yake ya maji, akaitundika mbali na za wenziwe. Chuoni akikaa kwenye jamvi, waliokuwa karibu wanajivuta. Jina lake likafa, akawa Sanda. "Sanda, pisha!" "Sanda, umekuja kumchukua nani?" Mpaka Ramadhani ya pili ikawa watu hawasemi tena kafukua jaani, wanasema kafukua kaburini. Niliusikia uongo wangu ukikua, nikaunyamazia. Posa zilikuja mbili nijuazo. Walipouliza mtaani, hawakurudi. Akaenda Matemwe kwa jamaa za mamake kulima mwani, na jina likamkuta huko huko, maana kisiwa chetu ni kidogo na midomo ni mingi. Akarudi. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikaheshimiwa.

Sasa narudi kwenye hiyo Idi iliyopita. Nimekaa na mwanangu na mkwe wangu tunakula mbatata za urojo. Mjukuu wangu wa kike, ana miaka kumi, akatupa kasha la juisi kwenye majani. Mwanamke mtu mzima, amevaa fulana ya njano ya wafagiaji juu ya gauni la dira, ufagio wa chelewa wa mpini mrefu mkononi, akamkemea.

"We mtoto! Pipa si lile pale? Huna macho?"

Mjukuu wangu akacheka akakimbia. "Bi Sanda kakasirika! Bi Sanda kakasirika!" Na watoto wote wa pembeani wakaitikia.

Nikamshika mkono. "Nani kakufundisha jina hilo?"

"Bibi, kila mtu anamwita hivyo. Ati alikuwa akifukua makaburi akivaa sanda za watu. Usimsogelee, atakupima urefu kwa macho!"

Nikaiweka sahani chini, nikamwendea. Alikuwa amekonda, meno ya mbele hana, lakini shingo ni ile ile. Nikamtolea salamu, akaitikia.

"Unanijua?"

"Nilikujua ulipokuwa unashuka garini. Umenenepa."

"Nimekuja kukutaka radhi."

Akaegemea ufagio. "Radhi ya nini?"

Nikageuka. Mwanangu na mkewe walikuwa wamenifuata, wajukuu nyuma yao, na watu wa benchi la jirani wameacha kula wanatazama. Mimi ndiye ninayewafundisha wale watoto kusema kweli, kwa fimbo nikilazimika.

"Ya mambo ya utotoni," nikasema.

"Mambo ya utotoni." Akafagia mara mbili, polepole. "Ya utotoni hayana radhi. Mtoto haandikiwi dhambi. Nenda kakae, Bi mkubwa. Usikae benchi lile, linainama."

Akaenda zake. Kuna matusi niliyotukanwa katika maisha yangu, lakini hakuna lililonifika kama yale.

Siku hiyo sikutia kitu tumboni tena. Kesho yake, sikukuu pili, nikamwambia mwanangu anirudishe. Nikamkuta anazoa vijiti vya mishikaki. Watu walikuwa wengi kuliko jana. Nikasimama karibu na pembea, nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo: mimi ndiye niliyeitupa bafta ile nzima, sikuirarua, sikuizika, na huyu hakufukua kitu, aliokota kilichokuwa juu, na nilimsingizia ili nisipigwe bakora. Nikasema na kwamba nilimwonea wivu. Baadhi ya vijana waliinua simu zao wakanipiga picha. Wengine wakauliza, "Huyu bibi vipi?" Pembea hazikusimama.

Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, ufagio ameukumbatia.

"Nimekusikia," akasema. "Mama yangu alikufa akiamini nilifukua. Nilimwapia. Nilimshikia msahafu. Akaniambia, mjukuu wa mwosha hawezi kusema uongo juu ya kitu kama hicho. Kila Idi alikuwa akiniuliza, mwanangu, mbona ulifukua? Mpaka ulimi wake ulipokuwa mzito alikuwa akiniuliza. Yeye ulimtaka radhi?"

"Ameshakufa."

"Basi." Akachukua pipa lake. "Sikiliza, na wewe ni mtu mzima. Siku yako itafika. Nitakuja, maziko ni haki ya Muislamu. Nitakaa ndani na wanawake wenzangu. Mwanao huyu atasimama nje, kabla jeneza halijatoka, awaulize watu: kama kuna aliyekosewa na marehemu, tunamwombea radhi. Na watu wataitikia, tumesamehe, tumesamehe, kama wanavyoitikia kwa kila mtu. Mimi nitakuwapo na nitaisikia. Mimi sitaitikia."

Akageuka akaendelea kuzoa vijiti.

Nimekaa nikifikiri ni nani mwengine nimwambie. Yule mama aliyemshika shavu amekufa. Mwalimu amekufa, na mkewe, na wale wanawake wenye kanga, na bibi yangu aliyeapa kwa ajili yangu. Fundi bati hayupo, na koroboi hakuna anayeiwasha. Shimo limejaa, kunguru wamehamia kwengine. Wakubwa wote walioisikia kauli yangu siku ile wamekwisha, na kauli imebaki kwa watoto ambao hawajui imetoka wapi, wanaiimba juu ya pembea. Nikienda kuwakataza wa bustani nzima watanicheka. Wa kwangu nimewakataza.

Nimewakusanya ukumbini, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, nikawaeleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Mjukuu wangu alilia, nikamwacha alie. Mwanangu akasema, "Mama, lakini kuwaombea watu radhi ndiyo ada yetu, tutawaambia nini watu?" Nikamwambia hamtawaambia kitu. Nikawaamuru, naye nikamtaka ayarudie maneno yangu mbele ya wote ili asije akasema hakusikia:

"Siku yangu, asisimame mtu kuuliza kama kuna niliyemkosea. Yupo, na jibu lake nshalisikia. Ninyanyueni mnipeleke."